Taarifa Hazitoshi

Mwalimu Nkwabi hufundishia juu ya duka la nyavu, Kirumba,
chumba kinanuka nailoni na chaki.
Tuko tisa, wote tumeshazaa,
tunautafuta mlango wa chuo kikuu kwa mtihani wa watu wazima.
Anaandika ubaoni:

Kila mtumbwi wenye karabai huvua usiku.
Mtumbwi wa Magesa hauvui usiku.

"Kwa hiyo?"

Nanyoosha mkono. Kwa hiyo Magesa kaishiwa mafuta,
au mwezi umejaa na dagaa hawaifuati taa,
au kagombana na wapiga kasia wake, si ajabu, namjua.
Darasa linacheka. Mwalimu hacheki.
"Mama Kabula, ya ziwani yaache ziwani.
Hujaulizwa unajua nini.
Umeulizwa: ukishapewa haya, lipi halikwepeki?"

Halikwepeki.
Nililibeba neno hilo hadi kiwandani, zamu ya usiku,
mbele ya mkanda wa minofu ya sangara,
glavu mbili mbili na vidole bado ganzi.
Wote. Baadhi. Hakuna hata mmoja.
Na kumbe baadhi yaweza kuwa wote!
Hilo lilininyima usingizi siku tatu.
Mvua ikinyesha, barabara hulowa.
Barabara imelowa.
Usikimbilie, mama, usikimbilie:
pengine bomba la Mabatini limepasuka tena.

Nyuma ya risiti ya mzani nachora visanduku sita.
Abiria sita, benchi moja, kivuko cha Kamanga.
Holo hakai karibu na Minza.
Mwenye mbuzi yuko pembeni, lakini si pembe ya kushoto.
Nawahamisha kama wapangaji wenye madeni
mpaka kila mmoja abakiwe na mahali pamoja tu duniani,
na raha yake, jamani,
ni kama kuchomoa mwiba wa mwisho kwenye mnofu
bila kuuchana.

Nyumbani mama ana swali moja tu.
Mdogo wangu Lusana alikwenda mashimoni Geita.
Mwaka wa pili huu.

"Angekuwa hai, angepiga simu," anasema mama.
"Hajapiga."
Kisha ananyamaza, ananiachia mimi ile kwa hiyo.

Naikagua hoja yake. Naigeuza, naikanusha, nairudia.
Imesimama kama jiwe la Bismarck majini,
hakuna pa kuisukumia.
Nkwabi angeiwekea alama ya vema, kubwa, ya wino mwekundu.

Lakini mstari wa kwanza, mama, nani kakupa?

Lusana huyu, aliyevunja redio ya baba akiwa na miaka tisa,
akajificha kwenye mapango ya mawe juu ya nyumba yetu
siku mbili, kimya,
anatuona tukikokota nyavu ufukweni tukimtafuta,
anasikia jina lake linavyoitwa,
na haitiki.

Mtihanini mstari wa kwanza hauulizwi. Umepewa, pokea.
Saa mbili nilipokea kila kitu:
kwamba madaktari wote ni warefu,
kwamba hakuna mrefu anayekula mihogo.
Sikubisha. Nilitia weusi kwenye viduara.

Swali la thelathini na moja likanikalisha.
A haikufuata. B haikufuata. C ilinitongoza.
E: taarifa zilizotolewa hazitoshi.
Nkwabi alituonya, E ni kichaka cha wavivu,
ila siku ambayo ndiyo jibu.
Nikarudia mara nne, saa ya ukutani inanitafuna.
Nikaitia weusi E, nikakandamiza
mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Sijui kama nimepata. Matokeo ni mwezi ujao.

Nimerudi nikakuta mlangoni gunia la mchele, kilo hamsini,
na viti vya kuazima vimeegemezwa ukutani.
Kesho Jumapili, wajomba wanakuja.
Mama yuko uani, anaosha sufuria kubwa,
hanitazami.

Mchele ni mchele.
Nimeketi kwenye kiti kimoja, simu mapajani,
na sisemi kwa hiyo.